Gari Lililobaki kwa Jina Langu

Gari lilikuwa la mume wangu, lakini kwa karatasi lilikuwa langu. Tulipolinunua, kibali chake cha ukimbizi kilikuwa kimeisha muda na changu bado kilikuwa kizima, basi tukaliandikisha kwa jina langu. Mimi sijui kuendesha. Yeye alilitumia kuwapelekea wateja wake vitenge, na Jumapili tulienda nalo kanisani.

Alipofariki, lilikaa chini ya jengo letu pale mtaa wa Albert Park hadi likajaa vumbi. Mrundi mmoja tuliyekuwa tukisali naye, mwenye saluni, aliniuliza kama naliuza. Nilimkabidhi funguo na karatasi mlangoni, sikushuka hata ngazi. Ilinipasa kwenda kutoa taarifa kwenye ofisi ya leseni za magari, lakini siku zile hata kuoga nilikuwa nakumbushwa na jirani.

Mwaka uliofuata ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu: leseni ya gari imekwisha, lipa. Zikafuata faini za kupita robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, katika mitaa ambayo sijawahi kuikanyaga. Sikukasirika. Niliusoma kila ujumbe kama tangazo la dawa, kisha nikaweka simu kando. Jirani ndiye aliyenivalisha koti akanipeleka ofisini.

Mama wa dirishani alinieleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba nisipotoa taarifa kuwa nimeuza, na nimemuuzia nani, kodi ya leseni ya kila mwaka itaendelea kuwa yangu hata gari liwe limeoza. Alitaka nakala ya kitambulisho cha mnunuzi na sahihi yake.

Mnunuzi alikuwa ameacha kuja kanisani na namba yake haikupatikana. Wenzake wa saluni waliniambia kahamia mtaa wa Sydenham. Nilipanda taxi, nikauliza uliza, na kabla sijafika kwake nikaliona gari lenyewe limeegeshwa nje ya geti lake. Nililitazama kama unavyotazama gari la mtu.

Yule mnunuzi alitoka na sabuni mikononi. Aliponiona hakunisalimu, alianza kujieleza. Kibali chake nacho kilikuwa kimeisha, akashindwa kuliandikisha kwa jina lake, na alipopata kipya aliona aibu kunitafuta.

"Mama, nilijua faini ziko zinakuja kwako," alisema. "Nilijua kila mara."

Nikamwambia haidhuru. Haikuwa huruma. Alinawa, akachukua karatasi zake, akanifungulia mlango wa mbele.

Ndani kulinukia mafuta ya nywele. Tulipofika barabara kubwa nilishika kile kipini cha kushushia kioo, kwa mazoea tu, kwa sababu upande wangu kioo hakikuwahi kushuka. Kikashuka. Mume wangu alikuwa akisema atakitengeneza tangu wiki tuliyolinunua. Upepo ukaingia, nikauacha unipige usoni.

"Kilikuwa kimeharibika tangu zamani?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kukitengeneza ilikuwa kazi ndogo," alisema, kisha akarudisha macho barabarani, nadhani aliona uso wangu.

Ofisini alisaini bila kusita, na kodi na faini za nyuma akasema ni zake, atazimaliza. Mama wa dirishani aligonga muhuri, akanipa nakala yangu, akaniambia niitunze vizuri.

"Kuanzia leo si lako tena, mama."

Nikamshukuru. Jamaa alitaka kunirudisha nyumbani, nikamwambia nitatembea. Alisimama kidogo kando ya gari kama anayesubiri nimwambie neno jingine, kisha akaondoka. Njiani nilinunua fungu la lengalenga, mchicha wa kwetu, kwa mama anayeuza kwenye kona. Nilipika, nikakaa mezani nikisubiri kilio au nafuu, chochote kile kije. Hakikuja. Chakula kilikuwa kimepoa, nikala.