Tonge la Wageni wa Mzee Banzi

Kosa langu la kwanza lilikuwa usafi. Nilitupa matonge ya ugali ambayo mzee niliyeajiriwa kumtunza alikuwa ameyaficha chini ya godoro lake. Nilitupa bila kuuliza, kisha nikajisifu. Nawaandikia ninyi mnaotunza wazee, kwa sababu mimi hakuna aliyeniandikia.

Kabla ya hapo nilikuwa kijana mzima, mikono yangu yote miwili ikinyooka. Nilikaa mtaa wa Mafiga na baba. Viwanda vya serikali vilikuwa vinauzwa, na baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, palepale nilipokuwa nategemea kuajiriwa. Nikapata kazi kwenye makao ya wazee chini ya mlima. Sikusomea uuguzi. Nilikuwa na kitabu kimoja cha wauguzi kisicho na jalada, nilichokipata mnadani kwenye rundo la mitumba. Nilikisoma mara tatu. Nilitandika vitanda kama kilivyoelekeza, na nikikumbuka kikunjo kwenye shuka nilirudi kulitandika upya hata kama nimeshafika getini.

Mzee Banzi alitoka Matombo. Tangu ujana wake alisikia sauti za watu wasioonekana. Aliwaita wageni. Alichomwa sindano kila mwezi kwa miaka mingi, lakini wageni hawakuondoka kabisa, akaelewana nao: kila mlo anawawekea tonge moja, nao wanamwacha ale kwa amani. Ugonjwa huo aliumudu. Kisha uzee ukamletea wa pili, wa kusahau. Akiweka tonge, anasahau kwamba ameweka. Anaweka la pili, la tatu, mpaka sahani yote iko chini ya godoro na yeye hajala. Panya wakaja. Siafu wakaja.

Haya nayajua leo. Wakati ule niliona uchafu tu.

"Shikamoo babu. Kula basi, chakula kinapoa."

"Marahaba. Wageni hawajala, mimi nile? Mama yako hakukufunza?"

"Babu, humu hakuna wageni."

Akanitazama kwa huruma. "Wamekusikia," akasema.

Siku nne mfululizo nilitoa kila tonge. Siku ya tano asubuhi sufuria la uji lilikuwa sakafuni karibu na kitanda chake, limetoka jikoni sasa hivi. Mimi nilikuwa nimeinama, mkono wa kulia uko chini ya godoro. Mzee Banzi akalinyanyua na kunimwagia.

Kwanza nilisikia baridi, kisha moto. Kuanzia shingoni mpaka vidoleni. Walipovuta shati, ngozi ya mkono ilitoka pamoja nalo, kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

Hospitali siku hizo ulikwenda na mfuko wako: glovu zako, bandeji zako, dawa zako. Baba alizunguka maduka ya mjini kutafuta. Wiki ya pili kidonda kikatoa usaha wa kijani, nikanuka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe. Homa ilinitetemesha. Daktari akamwambia baba, "Usaha ukizidi kupanda, tutauondoa huu mkono." Baba akageuka, akatazama ukutani.

Ni katika siku hizo msimamizi wa makao alikuja na karatasi. "Kijana, andika hapa kwamba ni mtu hatari. Unataka tumfanye nini?"

Nikasema, "Afungwe." Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Homa haikunisemesha. Nilisema mwenyewe, kwa hasira.

Mkono haukukatwa, ila ulipopona uligoma kunyooka. Nesi aliyenihudumia alinipa ndoo ya maji niibebe kwa mkono huo. "Kovu linavuta," akasema. "Usipounyoosha sasa, utazikwa umekunjwa hivyohivyo."

"Dada, unauma."

"Sikukuuliza kama unauma. Shika ndoo."

Nililia kila siku, na kila siku kiwiko kilifunguka kidogo.

Nilirudi kazini baada ya miezi mitatu. Mzee Banzi alikuwa amefungwa kitandani kwa vipande vya shuka. Kitanda kilikuwa kisafi. Hakuna panya, hakuna siafu, hakuna kikunjo. Kilikuwa kama kitabu changu kilivyotaka. Yeye alikuwa mifupa, na magoti yamekazana karibu na kifua. Hakunitambua.

Bi Tatu, mpishi wetu, alinikuta nimesimama pale. "Anatema chakula," akasema. "Mikono imefungwa, wageni wake atawalishaje? Nimemsemesha msimamizi mpaka mate yamenikauka. Sahihi ni yako, Deo. Kaitoe."

Nikaenda. Msimamizi akauliza, "Na akikumwagia tena?"

"Atakuwa amenimwagia mimi," nikasema. Nilikuwa namwogopa yule mzee, na bado namwogopa.

Aliporuhusu, nilifungua vifundo mwenyewe, polepole, maana vidole vyangu havikushika vizuri. Bi Tatu akaweka kisosi dirishani, juu yake tonge moja, mahali ambapo mzee angeliona. Yeye ni Mzaramo, mzee ni Mluguru, na makabila hayo ni watani: Waluguru hutaniwa kwa kuishi milimani, Wazaramo kwa kupenda ngoma.

"Haya, Mluguru mguu mfupi mguu mrefu, wageni wako nimeshawapa. Usinisingizie njaa."

Mzee akafungua macho. "Mzaramo kapika? Na ngoma kamwachia nani?"

Akacheka, meno hana. Akala. Baada ya matonge mawili akasita, "Wageni wamekula?"

"Chakula chao kile pale, mbele ya macho yako."

Akatazama kisosi, akaendelea. Aliuliza mara saba katika mlo ule, na mara saba tukamwonyesha. Kwenye kitabu changu ukurasa huo haukuwepo.

Nilimpaka mafuta magotini na kumnyoosha, kama nilivyonyooshwa mimi. Yalifunguka nusu, yakaishia hapo. Mtu aliyepanda milima ya Matombo na mkungu wa ndizi kichwani hakusimama tena. Uji ulinichukulia miezi. Neno langu moja lilimchukulia miguu.

Namshukuru Mungu, na baba, na nesi yule mkali, na Bi Tatu. Mwenzangu, ukikuta kitu chini ya godoro la mgonjwa, muulize ni cha nani kabla hujakitupa. Na ukiwa na hasira, usitie sahihi.

Kiwiko changu sasa kinanyooka, vidole viwili havikunjiki. Mashuka ninayotandika yana mikunjo, nayaacha. Kwetu hafungwi mtu. Kila mlo naweka tonge dirishani kwanza, ndipo nampa Mzee Banzi sahani yake.