Mtihani wa Masikio Aliofaulu Vitalia

Mwanangu Vitalia ni kiziwi. Lakini mwaka 1994 alipimwa masikio mbele ya darasa zima, akafaulu.

Msicheke. Someni kwanza.

Homa ya utotoni ndiyo ilimziba masikio. Hapa kijijini Lipingo maneno yakaanza: karogwa, sijui mizimu. Niliogopa shule ikijua itamrudisha nyumbani.

Basi tukiwa tunaanika usipa, vile vidagaa vya ziwani, nikamfundisha kwa mikono: wenzako wakisimama, simama. Wakicheka, cheka. Wakitoka, toka.

Akaiva! Ubaoni ananakili, mwandiko kama wa karani. Alichoandika hakijui.

Hadi darasa la tatu, Mwalimu Florian akanifuata ufukweni.

"Mama Vitalia, nikigeukia ubao huyu mtoto ananipotea. Kama hasikii sema, nimkalishe mbele auone mdomo wangu."

"Mwalimu nawe! Kiburi tu hicho, kamrithi baba yake. Mchape."

Akamchapa. Mimi ndiye niliyemtuma.

Mwezi haukuisha, wakaja wageni wa shule ya viziwi. Walikuwa na nafasi ya mtoto mmoja, kusoma bure na kulala hukohuko.

Mgeni mmoja akasimama nyuma ya darasa. "Anayenisikia, atoke nje."

Wenzake wakainuka.

Vitalia naye akainuka.

Darasa likabaki tupu. Mwalimu hakuridhika, akaniita mbio darasani.

"Mama, gari linaondoka. Sema neno moja tu."

Watu walikuwa wamejaa dirishani, wananitazama.

"Si umeona katoka na wenzake? Unataka nini tena?"

Gari likaenda zake kijiji cha Mbaha, kutafuta mtoto mwingine. Nikarudi kwenye usipa wangu najisifu. Eti nimewaweza.

Darasa la saba alimaliza hajui kusoma hata jina la kijiji chake.

Leo ana miaka arobaini, bado tunaanika usipa pamoja. Juzi alipita mnunuzi kutoka Mbinga, kiziwi, anaongea na mwenzake kwa mikono. Vitalia akawakodolea macho mpaka wakapotea.

Kisha akanigeukia, akaanza kuongea kwa mikono yetu ileile.

Wale wageni wa zamani, akanieleza, niliwaona wakiongea hivyo. Nilijua wamenifuata mimi. Nilitaka kubaki.

Lakini mama, wewe ulisema wakitoka, nitoke.

Jamani, nilikaa chini pale pale mchangani.

Wewe mama unayemficha wako, kesho asubuhi nenda kamwambie mwalimu. Aibu ya dirishani inaisha siku hiyohiyo.

Wangu hakuwa mjinga. Alinitii tu.