Siku Fundi Kola Alipotembea

Fundi Kola hakupewa jina hilo kwa upendeleo. Mtaani pale hakuna mwanamume aliyeoa au kwenda kuomba kazi akiwa na kola ambayo haikupita mikononi mwake. Kiharusi kilipomwangusha kilichukua mguu wa kulia, ule wa kukanyagia pedeli ya cherehani, na maneno yake kikayaacha yanatoka yamekunjamana. Mkewe akamlisha, akamwogesha, akamgeuza. Hakuomba msaada wa mtu, hakuzoea.

Ndipo chuo kikuu kilipomleta binti mmoja. Wanafunzi wa tiba ya viungo walipewa kila mmoja nyumba ya kuhudumia, ndilo darasa lao hilo, na mwisho wa muhula mwalimu hupita kuwatahini. Siku ya kwanza Fundi alimpandisha na kumshusha kwa macho, akamwuliza pindo la gauni lake lilishonwa na nani, adui yake? Binti alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa mjukuu. Aliukunja mguu ule na kuunyoosha huku wakitaniana, na kidogo kidogo Fundi akaanza kusimama ameshika meza, akajikokota hatua mbili tatu kuelekea kwenye cherehani. Mkewe akawa anatoka jikoni kutazama, mkono kinywani. Wote watatu walitaka kitu kimoja: mguu urudi kwenye pedeli.

Muhula ulipokaribia kwisha, jirani mmoja mwenye mdomo mwepesi akawaambia Fundi na mkewe kwamba mgonjwa asipoonyesha nafuu, mwanafunzi hufelishwa. Habari ile ilimkaa Fundi rohoni.

"Mtoto yule hatafeli nyumbani kwangu," alimwambia mkewe.

Siku ya mtihani alitaka anyolewe ndevu na avalishwe shati la kutokea. Akameza vidonge vya maumivu zaidi ya alivyoandikiwa. Mwalimu alipoketi, Fundi aliinuka bila kushika meza, akatembea hadi kwenye cherehani, akageuka, akarudi kitandani. Jasho lilimtiririka kama aliyenyeshewa. Alipoulizwa kama anaumia, akasema haumii hata chembe. Binti alifungua mdomo, Fundi akamkonyeza. Mkewe naye alitaka kusema kwamba hajapata kutembea hivyo tangu augue, lakini mumewe alimkata jicho, lile la zamani la kumnyamazisha mbele ya wateja.

Mwalimu alimpa Fundi mkono wa hongera. Akasema hapa kazi imekwisha, na wagonjwa wanaosubiri ni wengi.

Juma lililofuata mkewe alifagia, akaweka kiti mahali pake. Hakuja mtu. Binti alikuja baadaye, bila sare, macho yamevimba. Haruhusiwi, alisema, kumgusa mgonjwa bila kusimamiwa.

"Kwa nini ulifanya vile, babu?"

"Usifeli."

"Alama hazikuwa za mguu wako. Alikuwa ananipima mimi, ninavyokuhudumia. Hata ungebaki umelala ningefaulu."

Fundi aliutazama mguu wake.

"Basi nimeshona kola isiyo na shati," akasema, akajaribu kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio.

Binti alimwendea mwalimu wake, akamweleza ukweli wote. Mwalimu hakubisha. Lakini nafasi ilikwisha kupewa mgonjwa mwingine, na Fundi akarudishwa nyuma ya foleni. Mkewe alijaribu kuukunja mguu mwenyewe kama alivyokuwa akiona, mumewe akauma meno, naye moyo ukamshinda, akauacha. Mguu ukakakamaa, ukakonda, ukakataa kabisa.

Zamu yao ilipofika, aliyebisha hodi alikuwa kijana mgeni, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Aliushika mguu, akaugeuza huku na huku, akaona mwenyewe kwamba hautarudi. Hata hivyo akaanza kusema kwamba kwa mazoezi, pengine, Mungu akijalia. Fundi akamkatiza.

"Usiniahidi kitu, mwanangu. Wewe jifunze tu. Huu sasa ni mguu wa kujifunzia."

Akalifunua shuka kwa mkono wake mwenyewe, akamwachia. Mkewe aliondoka polepole, akaingia jikoni, akawasha jiko wala hakuteleka kitu.