Mguu wa Mbuzi wa Makungu

Kwenye friza ya Jeannine, chini ya mifuko ya sombe, majani ya muhogo, na samaki, ulilala mguu wa mbuzi ulioota barafu kama ndevu za mzee. Ulinunuliwa Alum Rock, huku ughaibuni, siku watu wa Ruben walipokuja kumposea Valérie, binti wa Jeannine. Kwao Jeannine, huko Kivu, mguu huo ni haki ya mjomba. Asipoula, bibi harusi hatoki nyumbani.

Na mjomba mwenyewe, Makungu, hakuweza kutoka Goma. Malori yake yaliwahi kubeba watu wenye bunduki. Alisema walimlazimisha; Jeannine, dada yake, hakumuuliza mara ya pili. Marekani ilipotangaza hali ya dharura kwa sababu ya vita vya Kongo, jina lake likaingia kwenye orodha ya vikwazo, na tangu hapo benki, ndege na balozi zikamkimbia kama mgonjwa wa ndui.

Kila Oktoba dharura hiyo hufika ukingoni. Rais wa huko asipoiongezea mwaka, inakufa pamoja na vikwazo vyake. Jeannine, mikono ikichambua takataka za jiji kazini kwake kule Tyseley, aliomba ife. Ikaongezwa. Akaomba tena, ikaongezwa tena. Na kila ilipoongezwa, Makungu alimpigia simu jioni dada yake huyo mkubwa: "Yaya, mwaka kesho tu."

"Moto gani huu usioishiwa kuni?" Jeannine aliuliza Jumapili ile ya mwaka 2009, Évariste, baba yake Ruben, alipoleta habari kwamba Rais ametia saini tena.

"Umuulize anayechochea, Maman Vale." Évariste hakugusa chai. "Sisi tumengoja. Mutoto wangu anazeeka. Batu kanisani banatucheka, eti tumeposa friza."

Valérie alitaka kucheka, ikamshinda. "Mum, please. Upike tu."

"Na nani ataula?"

Wote walijua jibu. Mjomba akifa, dada yake huula kwa niaba yake. Akifa, si vinginevyo.

"Makungu iko muzima," Jeannine alisema.

"Tunajua, Maman. Njo maana hatukulazimishe. Lakini leo ndiyo mwisho wetu wa kungoja."

Jeannine alimtazama binti yake, aliyekuwa ameinamia kucha zake kama mtoto aliyekosa. Akanyanyuka, akaenda jikoni.

Mchana wote ukapita barafu ikiachia. Aliupika bila pilipili, kama wanavyopika kwao matangani, akavua viatu, akaketi sakafuni na sahani.

"Alipenda sana mafuta, huyu," alisema, akameza tonge la kwanza.

Simu ikalia. Namba ya Goma. Valérie akanyoosha mkono.

"Acha."

Ikalia mpaka ikachoka. Ikaanza upya. Jeannine, machozi yakimdondokea kwenye mchuzi, akakata kipande cha pili.