Unga Unaokunywa Maji

Saa moja kasorobo asubuhi. Mama Tanuri amesimama mbele ya tanuri la maabara, glavu nene mikononi. Midomo inamcheza. Anamaliza sala yake, kisha anafungua mlango.

Ndani mna mabakuli manne ya unga mweupe wenye samawati kwa mbali. Ni silika, kemikali iliyomo kwenye mchanga, iliyochanganywa na shaba. Mvuke wa spiriti ukipitishwa kwenye unga huo ukiwa wa moto, hugeuka kuwa kemikali ya kutengenezea rangi na gundi.

Siri iko kwenye matundu. Silika hugandishwa pamoja na aina ya sabuni, halafu sabuni inachomwa mpaka iishe. Pale ilipokuwa hubaki matundu yasiyoonekana kwa macho.

Inachomwa polepole: joto hupanda nyuzi moja kwa dakika, kwa muda wa karibu saa tisa, hadi nyuzi 550. Mwezi uliopita mama huyu wa miaka hamsini na mbili aliweka nyuzi kumi kwa dakika ili awahi darasa la jioni, anakosoma kemia ya kidato cha nne. Matundu yakaporomoka. Kazi ya wiki tatu ikaharibika.

Hakuna aliyemwona. Tanuri ni kuukuu, angeweza kulisingizia. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa maabara, kijana anayelingana na mwanawe wa kwanza.

"Nilimwambia, 'Mwanangu, ni mkono wangu huu,'" anasimulia.

Kiwanda kinachoungojea unga huo kilikubali kusubiri mara moja tu. Ukiharibika tena mkataba unakwenda, na nafasi ya Mama Tanuri nayo. Aliipata baada ya kuosha vyombo vya maabara hii kwa miaka kumi na moja.

Bakuli la kwanza limepoa. Anapima gramu moja na kudondosha maji, tone baada ya tone, akikoroga. Unga wenye matundu huyanywa maji na kubaki mkavu. Ulio mzuri hupita tone la ishirini; ule wa mwezi uliopita ulilowa kwenye tone la saba.

Mkuu wa maabara anasogea, anamuuliza kama anapima unga au ananywesha mtoto dawa. Mama Tanuri anamwambia anyamaze, atampotezea hesabu.

Kumi na nane. Kumi na tisa. Unga bado unatiririka kama mchanga. Unashikana kwenye tone la ishirini na mbili.

Kijana hana utani tena. Anavuta kiti, anakaa, anafuta miwani. "Mama," anasema taratibu, "tia kwenye chupa, ufunge. Tunawapelekea wa kiwandani."

Mama Tanuri anafunga macho kidogo, kisha anachukua kalamu kuandika lebo.

Mtihani wake wa kemia ni baada ya miezi miwili. Akifaulu, anataka kusomea ufundi wa maabara. Kabla ya kurudi kwenye mabakuli yake, anamwomba mkuu jambo moja.

"Siku ya mtihani tanuri lisiwashwe, mwanangu. Mimi nikiwa na haraka unanijua."