Difu Iliyopakwa Rangi

Lori aliloniachia baba lilitengenezwa kwa ajili ya matope ya shamba, si lami. Lingeng'oa kisiki, lakini kwenye barabara kuu injini ilipiga mayowe huku mabasi yakinipita kama nimesimama. Dawa yake niliijua: kubadilisha meno ya difu, yale yanayozungusha magurudumu ya nyuma.

Nilitafuta miezi mitatu, nikayapata Moi's Bridge kwenye lori kuukuu lililokuwa likikatwa vyuma. Niliyahesabu mwenyewe. Shafti inayotoka kwenye injini ingezunguka karibu mara tano kwa kila mzunguko wa gurudumu, badala ya karibu saba, na injini ingepumua.

Nikayapeleka pamoja na lori Bungoma kwa fundi aliyesifiwa sana. Mume wangu alinisindikiza. Yeye hata kuendesha hajui, lakini fundi alizungumza naye tu. Nilipouliza swali, alimjibu yeye.

"Mzee, usijali. Hii itaruka."

Siku ya nne nikalichukua lori. Difu ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, inang'aa. Nilipopita Kiminini barabara ikanyooka, nikakanyaga mafuta. Mayowe yaleyale!

Nyumbani Tuwan, Kitale, niliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, nikaweka stendi, nikalizungusha mara mbili kamili, maana lile la pili likiwa chini, mizunguko miwili ya moja huwa sawa na mmoja wa yote mawili. Mume wangu alihesabu mizunguko ya shafti kwa alama ya chaki.

"Karibu saba," akasema.

Damu ilinichemka. Jamaa alikuwa amepaka rangi tu!

Kesho yake tulirudi Bungoma. Fundi alicheka. "Mama, difu haihesabiwi kama mahindi. Ama si hivyo, mzee?"

"Leta jeki," nikamwambia.

Nilirudia hesabu palepale, mbele ya wateja wake, huku nikihesabu kwa sauti. Kufikia sita kicheko kilikuwa kimekwisha. Meno yangu yakatolewa chini ya benchi, bado kwenye gunia nililoyaletea. Nikavuta kreti, nikaketi hapo siku mbili mpaka alipoyafunga, kisha nikahesabu tena. Karibu tano.

Njiani kurudi Kitale injini ilinguruma kwa utulivu, nami nikalipita basi moja. Ningefurahi zaidi kama nisingekumbuka tulivyoagana. Fundi alifuta mikono, akanipita nilipokuwa nimesimama, akamshika mume wangu mkono.

"Pole sana, mzee," alimwambia. "Tulikosea."

Mume wangu akanielekezea kidole. "Mwambie mwenye gari."

Fundi akainama kuokota spana zake.