Ndugu Aliyekula Pongo

Mgeni yule alifika kwetu Nyakasimbi akitokea Ruanda, ng'ambo ya mto Kagera, miguu imepasuka kwa kutembea. Miaka ile wengi walipita hivyo, wakienda kutafuta kazi kwenye pamba Uganda. Yeye alisimama mlangoni, na mume wangu akamuuliza kama kila mgeni anavyoulizwa kwetu: muziro wako nini? Yaani, ukoo wenu una mwiko wa nyama gani?

"Pongo," alisema.

Basi, maneno yakaisha. Sisi nasi hatuli pongo. Papo hapo akawa ndugu, akapewa kibanda na kipande cha migomba iliyosongwa na magugu. Akikisafisha ni chake, amlete mkewe na mtoto. Alilima huyo! Nikaanza hata kumsema mume wangu kwa uvivu. Wasafiri waliorudi kwao wakampelekea mkewe salamu.

Kisha jirani zetu wakanasa pongo. Nilikwenda kwao kuomba moto, nikamkuta ndugu yetu amechuchumaa kando ya chungu, anatafuna, mafuta yanamchuruzika kidevuni.

Mdomo wangu haujui kufungwa. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akaja mbio.

"Muziro wako hasa ni upi?" alimuuliza.

"Wa kwetu ni mwingine, kaka. Niliutaja nyumba tatu, wakanifungia mlango. Nikamwona mwenzangu akitaja pongo, akapewa chakula. Msinitoe, nawaomba. Mke wangu yuko njiani."

Mume wangu alisita. Mimi sikusita. "Njia ya mwongo fupi," nilisema, nikamwonyesha barabara. Akaenda kujaribu bahati kwenye machimbo ya bati, Kyerwa. Nikajiona nimelinda ukoo, mimi niliyeolewa tu humo, na kwetu nilikozaliwa pongo tunamla!

Siku ya nne akaja mwanamke anachechemea, mtoto mgongoni. Akapiga magoti uani.

"Shikamoo, dada. Mimi ni mke wa ndugu yenu. Juzi njiani tulipewa nyama ya pongo. Mtoto alilia sana kwa njaa, lakini sikumpa. Salamu za mume wangu zilisema huku hamli pongo, nikajua sasa sisi ni wa huku."

Aibu ilinishika. Nilimpokea mtoto, mwepesi mno, nikamwambia mume wangu aende Kyerwa siku ileile akamtafute ndugu yake.